Kipa wa Mbalamwezi

Msimu ule niliovaa jezi ya kipa nilifungwa mabao kwa kufuata mwezi. Sijitetei, ndivyo ilivyokuwa, na mji mzima wa Palma ulilijua hilo kabla yangu. Jumapili za mbalamwezi mpira haukunifikia kabisa. Jumapili za giza uliingia langoni kama kuku waingiavyo bandani jioni. Wanawake wa sokoni wakanipa jina, kipa wa mbalamwezi, na nikipita wakawa wanatazama juu mbinguni, wanacheka. Mama hakupendezwa. Alihisi kuna mkono wa mtu, akanipeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani nikanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya, na Jumapili iliyofuata nikafungwa manne.

Sababu yenyewe ilikuwa nyepesi. Mimi ni fundi cherehani. Bahari hainitaki, nikipanda chombo natapika kabla nanga haijang'oka. Lakini mabeki wangu wote walikuwa wavuvi wa dagaa, tena wa chombo kimoja, na dagaa huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi hulala majumbani kwao, na Jumapili alasiri wanakuja uwanjani macho makavu, miguu myepesi. Giza likiingia wanakesha baharini, wanarudi asubuhi, wanapakua, wanakula, kisha wanakuja kusimama mbele ya lango langu. Kusimama tu. Wakati wa vita vilivyoukumba mji wetu hakuna aliyethubutu kuvua usiku, na ruhusa ya askari ilikuwa imerudi juzijuzi. Hakuna mwenye akili zake ambaye angemwambia mvuvi aache usiku wa giza kwa ajili ya mpira.

Nahodha wa chombo hicho ndiye aliyekuwa beki wetu wa kati. Amemuoa dada yangu, kwa hiyo tunaitana shemeji. Akiwa amelala vizuri, hakuna mshambuliaji aliyempita. Alikuwa hapigi kelele. Aliinua mkono, na wenzake wakasogea pamoja kama wanavyovuta wavu: hakuna anayemtazama mwenziwe, kila mmoja anajua uzito uko wapi. Mimi nyuma yao nilikuwa nahesabu mawingu. Mara nyingine nilimaliza mechi bila kuchafua suruali, na watu walinipongeza kwa kazi ambayo sikuifanya.

Siku za giza mambo yaligeuka. Nakumbuka kona moja ambayo beki wa kulia aliegemea nguzo ya lango akafumba macho. Nilimgusa bega. Alishtuka akaniuliza, "Tushafika?" Mpira ulikuwa umeshapigwa, na aliyekuja kuupiga kichwa alikuwa peke yake kama mfalme.

Mista, maana kocha huku kwetu tunamwita hivyo, alikuwa ananijia juu kila baada ya kipigo. "Wewe ndiye wa mwisho," aliniambia. "Nyuma yako hakuna mtu!"

"Hata mbele yangu hakuna, mista," nikamjibu.

Alicheka, ingawa hakutaka.

Hata hivyo, Jumapili za giza ndizo nilizozipenda. Huko ndiko nilikojifunza kazi. Shuti moja, la pili, mpira uliorudi kutoka kwenye mwamba, mtu anakuja peke yake na wewe unaamua utoke au ubaki. Tulifungwa matatu pale ambapo tungefungwa kumi, na mabao yasiyoingia hayana mtu wa kuyahesabu. Nilikuwa narudi nyumbani viwiko vimechubuka, kesho yake nikikanyaga cherehani mgongo unauma, na nilikuwa na furaha ambayo sikuipata siku tuliposhinda.

Aliyeyahesabu alikuwepo, kumbe. Dereva mmoja wa lori, akingoja msafara wa kwenda kusini unaosindikizwa na askari, alisimama kando ya uwanja siku tulipopigwa vibaya. Alipofika Pemba, mji wa pwani kusini kwetu, si kile kisiwa, alimsimulia mtu mmoja anayetafutia klabu ya kule wachezaji: nimeona kipa Palma, timu yake ovyo, lakini yeye ana mikono. Habari ikarudi kwa mista. Mtu huyo angekuja kwenye mechi yetu ya mwisho wa msimu dhidi ya Pundanhar, na alikuwa anakuja kunitazama mimi.

Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nilikuwa nimefika umri ambao mchezaji akipitwa mara moja harudiwi tena. Kule Pemba kipa ana kocha wake mwenyewe, anafanya mazoezi kila asubuhi, hapindi mapindo ya sare za shule za watu. Nilipoisema habari hiyo nyumbani kwa dada, shemeji aliacha tonge mkononi.

"Jumapili hiyo giza," akasema.

"Najua."

"Basi hatwendi baharini."

"Usifanye hivyo, shemeji. Wakati huu ndio dagaa wako karibu."

"Nshasema hatwendi. Mtu atoke Pemba kuja kukuona wewe, sisi tumwoneshe kapu linalovuja? Jogo lako hilo, mechi yako, na sisi tuko mbele yako."

Dada alituongezea mchuzi, ingawa dagaa wa shemeji ndio aliokuwa akianika na kuuza. Nilikaribia kulia. Sikuona kasoro yoyote katika mpango huo, na mpaka leo sijui ni nani angeiona.

Jumamosi vyombo vingine vilitoka na taa zao, chao kikabaki pwani. Mwenye chombo alinuna hata salamu hakuitikia. Asubuhi yake vichanja vya majirani vyote vilikuwa vyeupe kwa dagaa, cha dada yangu mbao tupu, na yeye akafagia chini yake kama kawaida.

Watu wa Pundanhar walifika wamechoka, vumbi limewakaa mpaka kwenye kope, maana barabara yao wanaijua wao. Mtu wa Pemba aliwekewa kiti cha plastiki kwenye baraza ya shule. Alikuwa na kofia na chupa ya maji, na alilitazama lango langu. Nilijipigapiga viganja, nikaruka nikagusa mwamba. Nilikuwa tayari kama sijawahi kuwa tayari.

Mpira haukuja.

Mabeki wangu walikuwa wamelala usiku mzima, tena kwa ajili yangu, na walicheza kama watu waliotoa ahadi. Kila krosi ilipigwa kichwa ikiwa bado mbali. Kila aliyekimbia alikuta mguu. Nilipiga goli-kiki, nikaokota mmoja uliokuja ukitambaa, ambao hata bibi yangu angeudaka. Kwenye lango la pili, kipa wa Pundanhar alikuwa anagaagaa kwenye mchanga bila kupumzika. Alipangua, akaruka, akapigwa teke mkononi, jezi ikachanika kwapani, akaendelea. Kile kiti cha plastiki nilikiona kikigeuzwa taratibu kuelekea upande wake.

Nikaanza kuwaombea mabeki wangu wakosee. Mmoja tu, mara moja tu. Na karibu na mwisho dua ikakubaliwa: mshambuliaji wao aliuchomoa mpira katikati ya watu, akabaki yeye na mimi. Nilitoka. Nilimwona mguu anaotaka kuutumia, nikajua kona atakayoitaka, na mwili wangu wote ulijua la kufanya. Nilikuwa na furaha. Shemeji akatokea ubavuni, akajirusha chini, akaupiga mpira nje mpaka kwenye mihogo ya watu. Aliinuka na goti linatoka damu, akanitazama, akacheka, akaninyoshea dole gumba. Nami nikamnyoshea langu.

Tulishinda mawili kwa bila. Walinibeba juujuu kuzunguka uwanja. "Fundi, leo hata jasho hukutoa!" beki wa kulia alinipigia kelele, na hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yao kubwa kwangu. Kutoka huko juu nilimwona mtu wa Pemba akiongea na kipa wa Pundanhar, amemshika bega. Baadaye alikuja kunipa mkono kwa adabu. Aliniambia kwa Kireno kwamba nina mabeki wazuri sana.

"Yule hajui mpira," shemeji alisema habari zilipofika kwamba mwenzangu amechukuliwa. "Anamchukua aliyefungwa, anamwacha asiyefungwa!"

"Hajui," nikasema.

Msimu mpya ulianza kwenye giza. Walikesha, wakaja na magamba yamewaganda mikononi, tukafungwa matatu. Nilidaka siku ile kuliko siku yoyote maishani mwangu. Waliokuwepo walikuwa wale wale wa kila wiki, na mbuzi.

Kesho yake shemeji alikuja kibarazani kwangu na kitambaa cha suruali ya Idi. Alikiweka juu ya cherehani.

"Jana tulikuangusha, shemeji," akasema. "Utusamehe. Usingizi ulituzidi."

"Hakuna tabu."

"Lakini siku ile ya mtu wa Pemba..." Uso ukamchangamka. "Siku ile tulikulinda, eh? Hata yeye aliona."

Nilivuta tepu iliyokuwa shingoni mwangu, nikamwambia asimame wima.

"Mlinilinda, shemeji," nikasema, nikainama kumpima mguu, taratibu, mpaka uso wangu ukatulia.