Kisima Kilichokaa Arobaini

Safari hii niliifanya kwa sababu ya kisima kipya ambacho maji yake hayakunyweka. Habari aliniletea Shomari, muuza mananasi wa soko la Ilala, mwenyeji wa Kidundani, kijiji cha wakulima upande wa kusini wa Mbagala. Alitua kapu lake mbele ya duka, akajipangusa jasho, akasema:

"Bi Tabu anakusalimu. Anasema maji ya kisima chako hayanyweki. Uende ukaonje mwenyewe."

"Kisima changu? Mimi nilichora tu."

"Kikiwa kizuri ni cha Bi Tabu. Kikiwa kibaya ni cha Mnyamwezi," akasema Shomari, akajitwika kapu lake na kwenda zake.

Yafaa nieleze. Mimi ni mtu wa Tabora, lakini nimekaa Ilala muda mrefu, nikitunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi. Shule niliiacha mapema; mengine nimejisomea mwenyewe, hasa vitabu vya ujenzi na vya afya. Wazaramo, ambao ndio wenyeji wa huku, na sisi Wanyamwezi ni watani. Wao hutuita wapagazi, maana babu zetu walibeba mizigo ya misafara. Mtani akikutukana huna ruhusa ya kukasirika, na akikuta kitu chako umekitupa, ni haki yake kukichukua. Mimi si hodari wa mambo hayo. Hupenda jambo lielezwe kwa utaratibu, kuanzia mwanzo.

Bi Tabu binti Kondo ni mjane, mkulima wa mihogo na mananasi. Kijiji chao kilikuwa kikinywa maji ya bwawa. Kiangazi bwawa lile si baya, lakini kila vuli mvua huzoa mavi ya mbuzi na takataka za mashambani na kuzitia humo, na watoto huanza kuhara. Mwaka uliotangulia mjukuu wake, Mbaraka, aliumwa hadi akawa habebeki bila kulia. Alipopona, Bi Tabu alitoa kipande cha shamba lake, tena penye udongo mzuri, pachimbwe kisima. Alikuja dukani kununua saruji, ndipo nilipomchorea namna ya kufyatua pete za kukizungushia. Sasa Shomari alikuwa ameniambia na jambo jingine: jumbe wa kijiji amesema kwamba, kama mvua za vuli zitaanza na watu bado hawanywi, kisima kifukiwe, watoto wasije wakatumbukia bure. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya baharini.

Jumamosi alfajiri niliondoka Ilala kwa baiskeli. Nyuma nilifunga burashi mbili ngumu, kamba, sufuria ndogo na pakiti ya majani ya chai. Mke wangu aliiona ile chai, akauliza kama nakwenda kutengeneza kisima au kufungua mgahawa. Nikamwambia nitamweleza nikirudi.

Keko nilipishana na wachuuzi wa mkaa waliokuwa wakiingia mjini, nyuso zao nyeusi na meno yao yakicheka. Mtoni, darajani, maji ya bahari yalikuwa yamekupwa. Mikoko imesimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha nguo wasilowe. Nilipumzika hapo kidogo, kisha nikaendelea na barabara ya Kilwa.

Baada ya Mbagala niliacha barabara kubwa, na mchanga ukanishinda. Nilishuka, nikaisukuma baiskeli kati ya mikorosho iliyokuwa ikichanua. Njiani nilimkuta mama mmoja anauza mihogo ya kuchoma. Nikanunua, nikala nimesimama.

"Waenda wapi, baba?"

"Kidundani."

"Usinywe maji ya kisima kipya. Yametiwa dawa ya serikali."

"Dawa ya nini?"

Akatazama huku na huku, akainama karibu nami. "Ya kumfanya mtu alipe kodi bila kunung'unika."

Nilimwambia sijawahi kusoma habari za dawa kama hiyo. Akasema mambo kama hayo hayaandikwi. Nikafungasha muhogo uliobaki, nikaendelea.

Kidundani nilifika kabla ya adhuhuri. Bi Tabu alikuwa uani akimenya mihogo, na kando yake Mwinyimvua, fundi aliyechimba kisima, ameketi juu ya kinu kilicholazwa, uso umemwinamia kama mtu aliyefiwa.

"Hodi hapa! Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mpagazi. Hiyo baiskeli umeipanda, au yenyewe ndiyo imekupanda?" Akaitazama suruali yangu iliyojaa mchanga hadi magotini. "Zena! Mpe mtani maji. Ya bwawani, usije ukamuua kabla hajafanya kazi."

Zena, binti yake, alicheka ndani. Nyuma yake alitoka Mbaraka, ameshika upindo wa khanga ya mama yake, akanitazama mimi na baiskeli kwa zamu.

Nilitaka kuonja kwanza maji ya kisima. Tulikwenda pamoja. Kazi ya Mwinyimvua ilikuwa safi kabisa: pete zimekaa sawa, ukingo umeinuliwa, mfuniko wa mbao umelingana, kapi ya kuvutia kamba imetiwa mafuta. Lakini nilipoyatia maji mdomoni, ulimi ulinikauka, ikawa kana kwamba nimelamba ukuta uliopakwa chokaa jana. Nikateka ya kutosha, nikarudi uani, nikapika chai mara mbili: ya maji ya bwawa na ya maji ya kisima. Ya bwawa ilitoka nyekundu, ya kupendeza. Ya kisima ilitoka nyeusi kama wino.

"Umeona?" akasema Mwinyimvua. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Nimechimba mie visima toka ujana, sijapata kuona hivi."

"Visima vyako vya zamani vilikuwa na pete za saruji?"

"Vilikuwa vya miti na mawe."

Nikauliza: "Mlipomaliza kukijenga, maji yalipoanza kuingia, mliyateka yale ya mwanzo mkayamwaga?"

Wakatazamana.

"Tuyamwage vipi?" akasema Bi Tabu. "Kisima kilikuwa ndani."

"Ndani wapi?"

"Arobaini. Kimezaliwa leo, kesho ukitoe nje kichezewe na kila mtu? Mie nilikifunika mkeka mpya, nikatandaza na shuka nyeupe juu. Nikakataza mtu asikiguse wala asikichungulie. Arobaini ilipotimia tukasoma maulidi, tukakifungua. Mama mmoja hapa, jina lake Sikujua, ndiye aliyekunywa mwanzo. Akatema mbele ya watu wote."

Mimi si mtu wa kucheka hovyo, lakini siku ile nilicheka hadi nikashika ukuta. Bi Tabu alikuwa amekilea kisima kama mama aliyejifungua, kwa upendo wote, na ndani ya giza lile maji yakakaa yakinyonya ukali wa saruji mpya, siku baada ya siku, bila mtu kuyapunguza.

"Anacheka nini?" Bi Tabu akamwuliza Mwinyimvua.

"Mama," nikasema, "hakuna dawa ya serikali humo, wala shetani. Ni saruji tu; chokaa yake ndiyo inayoitia chai weusi. Tukiyatoa yote, tukasugua kuta, tukaacha yajae upya, tukarudia mpaka ukali uishe, yatakuwa matamu."

Bi Tabu aliacha kisu, akamtazama Mbaraka, kisha mawingu.

"Basi usiku wa leo ulale mapema," akasema. "Mpagazi asiyelala habebi."

Jumapili tulianza jua lilipochomoza. Mwinyimvua alikuwa amepata uso mwingine kabisa. Tulivuta debe baada ya debe, yeye akivuta, mimi nikimwaga mferejini kuelekea kwenye migomba, kisha tukabadilishana. Maji yalipobaki kidogo, alishuka kwa kamba akasugua pete kwa burashi na mchanga safi, akiimba humo chini kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko yeye. Tukaacha yajae. Nikapika chai: nyeusi. Tukatoa tena, tukasugua tena. Chai: rangi ya kahawa. Wanawake waliokuwa wakipita na mitungi kwenda bwawani walisimama mbali.

"Mwinyimvua!" aliita mmoja, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika vijiji viwili. "Unakitapisha kisima?"

"Kinatapika uliyoyakataa wewe!"

Mwanamke huyo ndiye Sikujua, aliyetema siku ya maulidi. Bi Tabu aliniambia kwamba kijijini hapo Sikujua akinywa, wote watakunywa. Akitema, wote watatema.

Jumatatu asubuhi chai ilitoka nyekundu. Nilipika nyingine nihakikishe, ikawa vilevile. Nikampa Bi Tabu kata ya maji matupu. Alikunywa polepole, macho ameyafumba. Alimwita Mbaraka, akampa kilichobaki.

Wakati wa kwenda kuteka maji ya jioni, Bi Tabu aliwaita wanawake wote. Walikuja, lakini walisimama kando ya shamba, mitungi viunoni, mguu mmoja ukielekea bwawani. Niliona ni wajibu wangu kueleza. Nikaeleza saruji inavyotengenezwa, chokaa iliyomo, na namna maji yanavyoivuta. Nilieleza kwa utaratibu, kuanzia mwanzo. Nilipofika kwenye chokaa, wawili walikuwa wanapiga miayo na mmoja anasukwa nywele.

"Umemaliza, mtani?" akauliza Sikujua. "Maana sie tushaungua ulimi mara moja. Hayo maji yako kawanyweshe wapagazi wenzio, mlozoea kunywa matope ya njiani."

Wote wakacheka. Wengine walikwishageuka kwenda bwawani. Nikamwona Bi Tabu amesimama peke yake na kata mkononi, na kwa mbali, upande wa baharini, ngurumo ya kwanza ikasikika.

Sijui maneno yalinitoka wapi. Nilikwenda nikakaa juu ya mfuniko wa kisima, nikakunja miguu.

"Sikujua," nikasema, "hiki kisima mmekikataa?"

"Tumekikataa."

"Nyote mmesikia? Bi Tabu, Wazaramo wakitupa kitu, mtani wao akakiokota, kinakuwa cha nani?"

Bi Tabu alinitazama. Nikaona pembe ya mdomo wake inacheza.

"Cha mtani," akasema kwa sauti kubwa. "Ndiyo desturi."

"Basi ni changu. Kuanzia leo mahali hapa panaitwa Unyanyembe, kama kwetu Tabora. Nitawaita wajomba zangu wote kutoka Tabora, waje na wake zao, wajenge hapa, wanywe maji safi, wanenepe. Nyie mtakapotoka bwawani na matope yenu, mtapita mlangoni kwetu na kubisha hodi."

"Unyanyembe!" alisema mmoja. "Katika shamba la binti Kondo!"

"Tena mihogo yenu tutailinda sisi," nikaongeza, "maana nyie mkisikia ngoma, hata nguruwe mwitu akila shamba zima hamna habari."

Hapo kelele ikalipuka. Sikujua alitua mtungi wake, akaja mbio, khanga ameikaza kiunoni. "Ondoka! Ondoka juu ya kisima cha watu, mpagazi mkubwa we!" Wakaja na wengine. Nilikamatwa mikono na miguu, nikabebwa kama gunia na kuwekwa kwenye migomba. Sikujua akavuta debe mwenyewe, akachota kata iliyojaa, akainua kichwa, akanywa. Alikunywa mpaka tone la mwisho, akajipangusa mdomo kwa mkono.

"Enhe?" akasema Bi Tabu.

"Unyanyembe watakuja kufa na kiu," akasema Sikujua. "Lete kata nyingine."

Vigelegele vilipigwa hadi watu wakatoka mashambani kuuliza nani ameolewa. Kila mwanamke alitaka kunywa kuliko mwenzake, kuonyesha kwamba kisima ni cha Wazaramo. Mitungi iliyotoka nyumbani kwenda bwawani ilijazwa pale. Debe zima lilimwagwa kichwani kwangu, na Mwinyimvua ndiye aliyelimwaga. Jumbe alikuja na bakora yake, akanikuta nimelowa, akauliza kuna nini. Sikujua akampa kata. Akanywa, akaomba nyingine, na habari ya kufukia haikutajwa tena. Ngoma ilitolewa, na Bi Tabu, na umri wake wote, aliingia katikati akacheza akiwa amembeba Mbaraka mgongoni.

Jumanne niliagana nao asubuhi. Baiskeli ilikuwa imefungwa mananasi kila mahali pa kufungika.

"Mtani," Bi Tabu akaniambia, "nimekosea kukiweka ndani?"

"Ulikosea, mama. Lakini nani mwingine angekitandikia shuka nyeupe?"

Akacheka, akanipiga bega kwa khanga. "Nenda. Mvua itakukuta."

Ilinikuta Mtoni. Sikujificha. Nilipita darajani nikisukuma baiskeli, maji yakinishuka usoni, na kwa mara ya kwanza nilisikia mvua ya vuli bila kumfikiria mtoto wa mtu aliyelala na tumbo.

Nyumbani nilimweleza mke wangu habari ya chai, kuanzia mwanzo. Nilimwambia pia nilichojifunza: vitabu vyangu vilinifundisha kuyafanya maji yawe safi, lakini havina hata ukurasa mmoja unaosema watu watayapokeaje. Hilo nimefundishwa Kidundani, nikiwa nimebebwa miguu juu.

Mvua zilipokwisha, Shomari alikuja tena Ilala na kapu lake. Nilimwuliza kwanza habari za Mbaraka.

"Anakimbia na mbuzi. Vuli nzima hakulala na tumbo hata siku moja."

"Na kisima?"

"Kisima kipi?"

"Cha Bi Tabu."

"Aa," akasema, akinichagulia nanasi kubwa, "unasema Unyanyembe. Siku hizi ndivyo kila mtu anavyopaita. Asubuhi ukipita nyumba za watu utasikia tu: mwanangu, chukua mtungi, nenda Unyanyembe. Na anayelitamka kwa sauti kubwa kuliko wote ni Sikujua."