Muleba Niliyoiacha kwa Ajili ya Mafuta ya Hoima

Enzi zetu, sisi tuliokulia vijiji vya Muleba, mafuta yalikuwa ya taa. Yalinunuliwa kwa chupa, na chupa ilizibwa kwa jani la mgomba lililosokotwa. Mafuta mengine hatukuyajua sana, maana hata ya kupikia hayakutusumbua. Ndizi zetu zilichemshwa na maharage zikanoga bila kuombwa. Mtu angeniambia wakati ule kwamba siku moja nitahamia mji wenye mafuta ardhini, ningemwuliza ni nani aliyeyamwaga.

Basi mji wenyewe ni Hoima, Uganda, na huu ni mwaka wangu wa pili hapa. Nasimamia jiko la kambi moja ya wafanyakazi wa visima vya mafuta. Kabla ya hapo nilikuwa mpishi wa shule ya bweni Bukoba, nikiishi Buhembe, na kila Jumamosi nilipanda gari kwenda Muleba kumwona Mama. Kazi ya huku ilipotokea nilimwambia ni miaka miwili tu, kisha narudi. Miaka miwili inakwisha mwezi huu. Nimeletewa karatasi ya mkataba wa miaka mingine mitatu, na Mama ana miaka themanini na mitatu, yuko peke yake kibanjani, kwenye nyumba yetu katikati ya migomba na mibuni, ananingoja. Tangu karatasi hiyo ifike akili yangu haikai huku. Inazunguka Muleba, tena Muleba ya zamani.

Nakumbuka harufu kwanza. Ulifungua mlango asubuhi ukapokelewa na majani ya mgomba yanayooza taratibu chini ya mibuni, na moshi wa jikoni uliokwama kwenye ukungu. Wa kwetu mnaijua harufu hiyo, na najua mkiisoma hapa mmeivuta puani. Migomba ilipokoma ndipo ilipoanza rweya, ile nyika ya majani tuliyoitumia wote. Huko tulikata majani ya kutandaza kibanjani, na mengine laini ya kutandika sebuleni, kwa sababu nyumba ya watu wenye adabu haikumkalisha mgeni juu ya udongo mtupu. Yalitandikwa Jumamosi. Jumapili tukitoka misani nyumba nzima inanukia, na sisi watoto tunagaagaa humo na nguo za kanisani mpaka Mama apige kelele.

Msimu wa senene, wale panzi wa kijani wanaoliwa, ndio uliokuwa sikukuu yetu ya kweli, Krismasi ilifuata tu. Alfajiri, kabla jua halijawakausha mabawa, tulikuwa rweya na mifuko, miguu imelowa umande hadi magotini, tunainama na kukimbizana. Shuleni tulichelewa wote. Mwalimu wa zamu alichapa kwa mkono mwepesi msimu ule, maana mfuko wake naye ulikuwa umeshafika nyumbani kwake. Mama yangu hakula senene. Kwa desturi za wakati huo mwanamke aliwakamata, akawanyonyoa mabawa, akawakaanga, akampelekea mume. Sisi wasichana tulikula huku tukinyonyoa, naye Mama alijifanya anatafuta kitu nje.

Siku hizi wanawasha mataa makubwa, wanasimamisha mabati, senene wanaporomoka wenyewe kwenye mapipa. Vijana wananunua waliokwisha kukaangwa, kwenye kopo, halafu wanatuuliza eti tuliwakamataje mmoja mmoja. Tuliwakamata mmoja mmoja, ndivyo. Mwanangu nilipompeleka rweya alisema ni lokesheni nzuri ya kupiga picha. Alipiga, akafuta, akapiga tena, tukarudi nyumbani hajagusa hata unyasi.

Lakini nilianza na mafuta ya taa, na kuna kisa chake ambacho sijawahi kukisimulia nje ya ukoo.

Mwaka dada yangu Adelina alipoposwa, mafuta yaliadimika. Maduka ya kwetu yalikuwa hayana tone. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, akaona ni aibu kubwa wakwe watarajiwa waje, maongezi yanoge mpaka jioni, halafu nyumba ya mtu aliyesoma ikose taa. Alikuwa amesoma darasa la nane, na mnatujua Wahaya, mtu wa darasa la nane alitembea kama aliyeandika vitabu vyenyewe. Tukapanda basi hadi Bukoba, mimi na yeye. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona mji. Miembeni palikuwa na duka la Mhindi tuliyemwita Baba Nasrini, kwa jina la binti yake. Alinisalimu kwa Kihaya kilichonyooka kuliko cha wajukuu zetu, akauliza habari za kahawa kana kwamba naye ana mibuni, akanipa pipi ya kijani, akatujazia chupa. Familia kama yake zimebaki chache sana pale mjini, na mimi nikipita mtaa ule bado macho yanatafuta kaunta yake ya mbao.

Tuliposhuka kwenye basi Tata alikutana na wenzake, wakaanza kuongea. Akanitanguliza, akaniagiza nipite kwa Bibi, mama yake, kuchukua akamwani ya wageni. Kwa asiye wa kwetu, hizo ni buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zikafungwa kwenye ganda la mgomba. Mgeni akifika, kabla ya maji wala chakula, anapewa atafune. Kukataa akamwani ni kumkataa mwenye nyumba. Bibi alikuwa fundi wake kijiji kizima. Nikakiweka kifurushi chini kwenye kikapu, chupa juu yake, nikaenda nikirukaruka, kwa kuwa nilikuwa nimeiona Bukoba na pipi ilikuwa bado shavuni.

Nilipofika rweya pua ikanipa habari. Jani la kuzibia lilikuwa limelegea na akamwani yote imekunywa mafuta. Chupa yenyewe ilipungua kidogo tu. Nikazianika buni juu ya jiwe, nikakaa nazo juani, nikazinusa, nikajidanganya kwamba harufu imekwisha. Nyumbani Mama aliuliza mbona nimechelewa, nikasema Bibi alinikalisha nile. Hakushuku kitu, maana mikono yangu ilinuka mafuta, na mtoto aliyetumwa mafuta alitakiwa kunuka hivyo hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na mimi niliumbuliwa kesho yake mchana.

Wageni walitoka Nyanga, watu watano, kanzu zimepigwa pasi. Mshenga wao alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya katekista. Adelina alifichwa chumba cha ndani. Mimi ndiye niliyepiga magoti na kikapu. Kila mmoja akachota buni zake, Tata akachota zake, wakatia kinywani kwa pamoja. Nikaona taya zinasimama. Tata alinitazama mara moja tu. Hakuweza kusema kitu, kwa kuwa angekuwa anakiri kwamba amewalisha wakwe mafuta. Nao hawakuweza kutema, kwa kuwa kutema kungekuwa kumkataa binti. Wakatafuna. Wakameza. Mmoja machozi yalimtoka, akasingizia moshi. Mshenga akajipangusa midomo, akasema taratibu, "Waitu, jamaa zetu, kahawa ya nyumba hii ina nguvu." Tata akajibu kwamba ni ya upande wa mama yake.

Nilisubiri fimbo, haikuja. Wageni walipoondoka Tata alikaa chini kwenye majani akacheka mpaka akashika ukuta, na Mama, ambaye alikuwa bado hajui kilichotokea, akaanza kucheka kwa sababu yeye anacheka. Tata alipopata pumzi akamwambia, "Wape binti. Watu waliomeza mafuta ya taa kwa heshima yangu wataweza kuishi na Adelina." Dada yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi mkali tangu utoto. Aliishi Nyanga miaka mingi na wakwe hao, na hatukusikia ugomvi. Leo watu wanachunguzana kwenye simu miezi sita, wanatumiana picha za kila chakula, halafu ndoa haimalizi mwaka. Labda tungewapa akamwani ya namna ile.

Tata hayupo tena, Adelina alimfuata. Katika waliokuwa wakicheka ndani ya nyumba ile tumebaki mimi na Mama.

Kwetu mgeni hakuagwa mlangoni. Alisindikizwa kupitia migombani mpaka rweya, maongezi mapya yakianzia njiani, na wakati mwingine aliyesindikizwa naye akageuka kumsindikiza mwenyeji kidogo, ikawa safari isiyo na mwisho. Tulipokuwa wadogo tuliwaona wajomba wakienda kazini mbali, wengine Mwanza, wengine Kampala, na Mama akiwasindikiza wote hivyo, na Krismasi wakarudi na mikate na nguo zenye harufu ya sanduku. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuondoka asirudi. Kuondoka kulikuwa njia ya kurudi na mikate.

Nilipokuwa nakuja huku Mama alinisindikiza na mkongojo wake. Nilimsihi aishie uani, akakataa. Tulitembea polepole sana, akinionyesha mgomba unaotaka kutegemezwa na mbuni uliozeeka kama yeye. Mwisho wa migomba akanishika mkono akaniambia nikifika kwa watu nile wanachokula. Kisha akasimama pale. Niligeuka mara tatu na mara zote tatu alikuwa amesimama.

Nisiusingizie mji wa watu, Hoima haijanitendea vibaya. Ina vumbi na malori, ina hoteli zinazopakwa rangi kabla hazijaezekwa, na vijana wa helmeti na vizibao vya kung'aa, kila mmoja na simu mbili, hata moja haimpigii mama yake. Kinachoniumiza si ugeni. Sokoni wanawake wanasema Kinyoro, na Kinyoro na Kihaya ni ndugu wa nyumba moja, kwa hiyo nikisema polepole tunaelewana. Wamenipa na jina la heshima la kwao, wananiita Abwoli. Wanakula ndizi. Wanakula senene. Ningekuwa Uchina ningejua niko mbali, moyo ukatulia. Huku kila siku nakaribia nyumbani na siingii. Bomba la mafuta nalo linapita Muleba kwenda Tanga, na vijana wangu wa jikoni hunitania kwamba mafuta yatafika kwetu kabla yangu. Nacheka nao, kisha naenda stoo kuhesabu mchele ambao nimeshauhesabu.

Jumatatu nilisaini. Sitajitetea sana. Mwanangu bado yuko chuoni, umri wangu si wa kutafutwa na waajiri, na Bukoba nafasi yangu ilishapata mtu. Sababu zote ni za kweli, na hakuna hata moja iliyonipa usingizi. Baada ya kusaini nikampigia Mama.

Mama huongea na simu kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Akanisalimu hivyo, akauliza kama nimekula, akaniambia kahawa mwaka huu imezaa vizuri na amempata mtu wa kuichuma. Halafu akauliza nakuja siku gani, atandike majani mapya. Nikamwambia. Nikasema miaka mitatu, nikaongeza haraka kwamba nitakuja likizo, wiki mbili kila mwaka, na nitatuma mtu wa kumsaidia. Nikasikia kuku wake, nikasikia anavuta pumzi.

"Mitatu," akasema.

Nikasema ndiyo, Mama, mitatu tu.

"Haya, mwanangu. Nitajitahidi."

Alilisema kwa sauti ndogo, kwa mara ya kwanza hakupiga kelele kwenye simu. Nikabaki nimeishika sikioni hata alipokwisha kukata.

Enzi zetu neno hilo lilikuwa la watoto. Mzazi alikutuma shule na daftari moja na kiazi mfukoni, akakuambia usome, nawe ukaitikia kwamba utajitahidi, na ukishindwa mwaka huu kulikuwa na mwakani. Vijana wa leo wakiulizwa habari za masomo wanajibu "freshi" na mazungumzo yameisha. Sisi tuliitikia kwa adabu, macho chini, mikono nyuma. Sasa mimi ndiye niliyempa mama yangu mtihani wa miaka mitatu, naye ana themanini na mitatu, na mtihani wenyewe ni kuishi. Ameupokea kwa adabu ile ile aliyotufundisha. Hakuuliza kwa nini, hakulia. Amesema atajitahidi.