Kisanduku Nilichokisafisha Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini, Katibu wa klabu alinipa bakora na kiti cha plastiki, akaniambia nikae nje ya mlango wa ukumbi mpaka waniite. Nilikuwa nimetoka kubeba magunia katika ghala moja la Al-Sulay, kwa hiyo kulipwa kwa kukaa kulinifurahisha. Sikuuliza nalinda nini. Baada ya majuma matatu nikang'amua kwamba ile "Klabu ya Bustani" ndani ya kampaundi ya wageni pale Riyadh haikuwa na bustani yoyote, na kwamba wazungu waliokuja Ijumaa mchana na vibegi vyembamba vya ngozi walikuwa Wafrimasoni.

Msishtuke, vijana. Najua yanayosemwa mitaani kuhusu majoka na damu. Niliwapikia chai miaka mingi na joka sikuliona. Niliona wanaume wazima wamevaa aproni, wanaitana ndugu, na wanaiogopa serikali ya pale kuliko nilivyoiogopa mimi. Ubaya wao ulikuwa mwingine.

Kazi ilikuwa hivi. Tawi lao huitwa loji. Kwa desturi mlinzi wa nje ni mwanachama mwenye upanga, lakini wao walikuwa wachache na hakuna aliyetaka kukaa juani, ndipo nikawekwa mimi. Mgeni akifika, nilichukua cheti chake nikampelekea Katibu, naye akafungua kitabu chenye orodha ya loji zinazotambuliwa. Loji ya mgeni ikiwemo, anaingia. Isipokuwemo, hata awe mwanachama tangu ujana wake, kwao si ndugu.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kisanduku cha kura. Mtu akiomba kujiunga, kila mwanachama hutumbukiza gololi kwa siri, nyeupe ya kumkubali au nyeusi ya kumkataa. Nyeusi moja tu inatosha kumwangusha. Wakimaliza, mimi ndiye niliyezisafisha na kuzipanga upya.

Ijumaa moja akaja Bwana Curtis, Mmarekani mweusi, mhandisi wa maji, suti imenyooka na cheti mkononi. Katibu alikisoma akiwa amesimama.

"Hii ni loji ya weusi. Haimo kitabuni. Mwambie hapana."

"Nimwambie mimi?"

"Wewe ndiye uko mlangoni, Hamadi. Yalla, nenda."

Nikamwambia. Mpaka leo naona haya. Nilimkaribisha chai jikoni, naye akanieleza kwamba zamani wazungu waliwafungia babu zake mlango, babu zake wakaanzisha loji zao wenyewe, na sasa wajukuu wa wazungu haohao wanasema loji hizo si halali kwa sababu zilianzishwa pembeni. Nilikasirika kwa niaba yake kama vile nimetukanwa mimi.

Kampuni iliyowaajiri wengi wao ilipohamishia kazi Jeddah, klabu ilihamia huko, nami nikaenda na kiti changu. Bwana Curtis naye akahamishiwa huko. Tulizoea kutembea Balad, mji mkongwe wa Jeddah, katikati ya zile nyumba za mawe ya matumbawe, tukinywa chai ya vibandani. Nilimfundisha neno "ndugu", akalipenda. Yeye aliniambia kwamba ndani ya loji waziri na fundi bomba hukaa usawa mmoja. Mimi nilikuwa na wajukuu Mombasa, na bado kafili wangu, yule mdhamini wa kibali changu cha kazi, aliniita mtoto mbele za watu. Nilitamani sana kukaa usawa huo, hata kama ni saa mbili tu kwa wiki.

"Siku wakinitambua," alisema Bwana Curtis, "jina lako nitalipeleka mimi mwenyewe, ndugu."

Ikafika. Wakubwa wao huko ng'ambo walikubaliana kutambuana, barua ikaja, Katibu akabandika ukurasa mpya kitabuni kwa uso uliokunjamana. Nilimfungulia Bwana Curtis mlango kwa mikono miwili.

Mwezi uliofuata, akiwa sasa mwanachama wao, alitimiza ahadi. Jina langu lilipigiwa kura, nami nikiwa nje kwenye kiti changu, nimevaa shati jipya. Walipomaliza, Katibu alitoka na kisanduku.

"Mafi, hakuna kitu, Hamadi. Halas. Kisafishe."

Nilizimwaga gololi juu ya meza ya jikoni. Zote nyeupe, isipokuwa moja. Moyoni nilimhukumu Katibu palepale, na juma zima sikuitika salamu yake.

Ijumaa iliyofuata Bwana Curtis akaja jikoni, akafunga mlango.

"Hakuwa Katibu."

Nilikuwa naosha vikombe.

"Kabla ya kura Katibu alinivuta kando," akasema. "Aliniuliza, leo umeingia wewe, kesho unamleta mpika chai, keshokutwa hii itakuwa loji gani? Na mimi nimeingoja nafasi hii miaka thelathini, Hamadi."

"Ukatumbukiza nyeusi."

"Nikatumbukiza."

"Ungeliondoa jina langu. Ungeniambia mapema."

Akanyoosha mkono. Mikono yangu ilikuwa na sabuni, nami sikuifuta.

Nilifanya kazi pale mpaka ikama yangu ya mwisho, kile kibali cha ukaazi, ilipoisha. Siku ya kuniaga walisimama pamoja, weusi na weupe, wamekumbatiana mabega, wanataka picha. Katibu akanikabidhi simu yake niwapige. Niliwapiga, na ikatoka vizuri.

Katibu nimeshamsamehe, kwa sababu hakuwahi kuniahidi kitu. Wa pili ndiye aliyenikaa kooni. Alijua uchungu wa mlango ule kuliko mtu yeyote, kisha akakishika kitasa kwa mkono wake mwenyewe. Ninyi mnaokwenda Ghuba, mkikutana na watu wa aina yake, wapeni chai, ila mioyo yenu rudini nayo nyumbani.

Hapa Kisauni majirani wananong'ona kwamba mimi ni Frimasoni, eti ndiyo maana nilijenga. Wengine hunivizia wanione nikienda mkutanoni. Na kila Ijumaa mchana, nikitoka msikitini, simu ya Bwana Curtis huingia. Asipopokelewa huacha ujumbe wa sauti, na neno la kwanza huwa lilelile nililomfundisha mimi. Naiacha ilie mpaka inyamaze.