Kikopo cha Mzee Zabron

Dorkasi anapima choo cha watu na mifugo hapa Mlola, na haamini kikopo cha mtu. Watu wanaogopa kurogwa kwa choo chao, basi wanaleta cha kudanganyia. Juzi kwenye kikopo cha Mzee Zabron aliona mayai ya minyoo ya ng'ombe.

Mzee alipofuata majibu, Dorkasi akamwambia, "Shikamoo, baba. Hiki ni cha ndama."

"Marahaba. Changu nikuachie, ukakifanyie nini?"

Dorkasi akafoka: ujinga gani huu! Lakini yeye alipoumwa tumbo, alijifungia maabara, akajipima, akakichoma kikopo. Mimi mfagizi nilizoa majivu, naye kanisimamia mlangoni mpaka nikayamwaga.