Kiti cha Mkosoaji Kilikuwa Kitupu

Mhariri, jina langu lifungie kabatini, na hoteli usiitaje. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, mzaliwa wa Kinondo. Shule nilisoma hadi darasa la sita. La saba lilinishinda, au mimi nililishinda, inategemea unamwuliza nani. Kazi yangu ni kuhudumu mezani katika hoteli moja ya Diani. Lakini msinidharau. Kutoka Vanga mpaka Likoni, nitajieni Mdigo mwingine anayepiga piano ya Kizungu kwa vidole vyote kumi. Hayupo.

Aliyenifundisha ni mzee wa Kigoa, mpiga piano wa hoteli tangu kabla ya Uhuru. Siku moja alinikuta napangusa vumbi kwenye piano huku nabofyabofya, nikadhani atanishtaki kwa meneja. Akasema, "Kijana, ukitaka kuiba, iba vizuri. Kaa hapa." Tangu hapo ni miaka mitatu, kila siku kabla ya chai ya alasiri. Hajapata kunisifu. "Unakimbia kama mbuzi aliyekata kamba," hiyo ndiyo sifa yangu kubwa kwake.

Mwezi uliopita meneja aliandaa onyesho la saa kumi alasiri, akamwalika bwana mmoja wa gazeti anayekosoa muziki. Huyo akikusifu, hoteli zote zinakutaka; akikuponda, funga virago. Mzee akaniombea nipige kipande kimoja mwishoni. Sasa mchana wake, mimi ndiye niliyempelekea bwana yule chakula kwenye baa ya ufukweni. Akaniuliza, "Leo nitasikia nini cha maana?" Jamani, ulimi wangu huu. Nikamwambia, "Bwana, mzee ni hodari, ila mkono wake wa kushoto umechoka, unaburura mguu. Ningoje mimi. Nikifika katikati ya kipande changu, wageni watatoa leso." Akacheka, akaandika kwenye kijitabu. Nami nikacheka. Ulikuwa mzaha tu, nilitaka anitazame. Mkono wa mzee hauna kasoro yoyote.

Saa kumi ilipofika, kiti alichowekewa yule bwana wa gazeti mbele kilikuwa kitupu. Mzee akapiga, nami nikasimama na sinia langu nikasahau kugawa chai. Kuna mahali mkono wa kulia ulinyamaza, ukabaki wa kushoto peke yake, chini kabisa, taratibu, na watoto wa wageni waliokuwa wakikimbizana wakaketi wenyewe. Kisha ikawa zamu yangu. Nikaanza kwa mbwembwe. Nilipofika katikati, wallahi, kichwa kikawa cheupe. Nikarudia mwanzo. Nikaurudia tena. Nikaruka hadi mwisho, nikasimama, nikainama. Nikapigiwa makofi, na kile kiti bado kitupu. Salimu wa baa akaniambia baadaye, "Mgeni wako hakutoka hapa. Alikunywa mpaka dereva wake akaja kumzoa."

Siku ya tano gazeti likafika. Ati kijana wa taifa jipya alimtoa mwandishi machozi katika sehemu ya katikati. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuipiga. Ati mzee mkono wake wa kushoto umechoka, unaburura mguu, awapishe vijana. Hata huo mguu hakuubadilisha. Meneja akaniita ofisini, akasema siku hizi za Uhuru hoteli itapendeza Mwafrika akikaa kwenye piano, na gazeti limeshasema. Mzee akapewa hadi mwisho wa mwezi huu aondoke. Mimi nikapewa kiti chake na koti jeusi. Mama hajui kusoma, lakini gazeti hilo analo kwenye kibindo, anawaonyesha Kinondo nzima.

Nina hasira ambayo hainipi usingizi. Mjomba wangu ni mpiga ngoma ya sengenya. Kwetu mpigaji akipotea, akina mama wanaocheza huacha kucheza, wakasimama mikono kiunoni mpaka ampokeze mwenzake. Ni aibu kubwa. Mjomba yalimfika mara moja, akakaa ndani siku tatu, akatoka mpigaji bora. Lakini akina mama wale walikuwapo uwanjani, miguu yao ndiyo iliyosikia kosa. Huyu bwana na suti yake alisikia nini? Alisikia mhudumu akijitapa. Laiti angekaa kitini akaandika kwamba nilipotea mara mbili, ningeumia, ningemtukana, kisha ningeketi nikajifunza. Uhuru gani huu wa kusifiwa na mtu ambaye hakunisikiliza?

Jumapili nikaenda kwa mzee, nimejiandaa kusema yote.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, bwana mkubwa wa gazeti."

Nikamkuta amelowesha mkono wa kushoto katika beseni la maji moto ya chumvi. Akaniambia, "Yule bwana ana sikio kali. Miaka yote hii mimi mwenyewe sikuusikia." Akaufuta kwa taulo, akautia mfukoni kama kitu cha kuficha. Kisha akanitazama usoni. "Wewe ulikuwapo. Niambie kweli, uliusikia?"

Nikamjibu, "Kidogo tu, mwalimu."

Hayo ndiyo niliyomjibu, wasomaji. Mimi, mjuvi wa maneno. Akatikisa kichwa, akanishukuru kwa kutomficha.

Sasa zimebaki siku tisa ahamie kwa dada yake Mombasa. Nikimwambia ukweli, atajua kwamba mdomo uliomponda ni wa mwanafunzi wake, na mbele ya meneja itabidi nilivue koti. Nikinyamaza, mzee atazikwa akiamini mkono wake ni mbovu, na tangu siku ile hajagusa piano tena. Nishaurini nifanye nini, nikaanze kwa nani. Nitukaneni pia, nimestahili. Ila naomba jambo moja: asinihukumu mtu ambaye hajanisoma mpaka hapa.