Picha ya Babu Chini ya Cherehani

Mkasi wa kitambaa haukati karatasi. Ukikata karatasi hata mara moja makali yanaharibika, na fundi mwenzako akikuona anakuuliza kama umeamua kuuza cherehani. Nimeshona Bondeni, hapa Nakuru, tangu sina ndevu, na sheria hiyo nimeivunja siku moja tu. Nitafika hapo, mnivumilie.

Binti yangu wa mwisho alimaliza fomu foo akataka kitambulisho. Bila hicho huandikwi kazi, hufungui akaunti, unakaa nyumbani ukihesabiwa kama mtoto. Mimi changu nilikipata zamani bila taabu, maana chifu alikuwa mteja wangu, akimjua na baba yangu. Tuliongea habari ya suruali yake mpaka fomu ikaisha kujazwa. Suruali yenyewe ilikuwa ya kijani, sijui mtu mzima alikuwa anaenda nayo wapi. Lakini kufika mwaka elfu mbili na saba mambo yalibadilika. Binti aliitwa mbele ya wazee wa kamati inayokagua wanaoomba vitambulisho, nami nikiwa mzazi, tukaulizwa: kwenu ni wapi? Nikasema Bondeni. Wakasema hapana, kule babu alikotoka.

Nilichojua mimi ni kwamba babu alikuwa mpishi wa mzungu huko Njoro, akasilimu, akahamia mjini, akafa. Kaburi lake liko hapa na halina maandishi, kwa sababu wazee wetu hawakupenda kuandika juu ya makaburi. Kamati ikasema tulete ushahidi.

Basi tukaanza kumtafuta marehemu. Kwanza maktaba ya mji. Tukafunguliwa magazeti ya zamani, makubwa kama shuka, na binti akanisomea. Yalijaa wazungu wa Njoro na ng'ombe wao walioshinda maonyesho. Ng'ombe walikuwa wametajwa majina. Wapishi hawakutajwa.

Tukaambiwa twende Nairobi, kwenye jumba la kumbukumbu za serikali. Tukaenda. Mlangoni tukaombwa vitambulisho, kwa upole kabisa, ndiyo kawaida yao. Sasa angalia hapo. Binti anayejua Kiingereza akabaki nje kwenye ngazi, nikaingia mimi niliyeishia darasa la tatu. Mama mmoja mwenye heshima zake akaniletea mafaili ya mashamba ya Njoro. Niliyapekua moja moja huku natikisa kichwa kama mtu anayeelewa, maana niliona haya kumwambia. Nilipotoka binti akaniuliza nimeona nini.

"Nimeona mihuri," nikamwambia.

Alicheka mpaka akajikunja, halafu akanishika mkono tukaenda kutafuta gari la kurudi.

Aliyempata babu ni dada wa saiba, kile kiduka cha intaneti pale karibu na soko. Yeye alikuwa anatafuna chingamu tu. Akaniuliza, "Mzee, hiyo shamba iliitwaje?" Nikamwambia jina nililokuwa nikilisikia kwa baba. Akaandika, akabonyeza, tukangoja, kompyuta yake ilikuwa nzito kama punda wa maji. Kikaja kitu kilichowekwa na wajukuu wa yule mzungu, wako ng'ambo sasa, wanakumbuka shamba lao. Tukaona farasi, tukaona nyumba, tukaona mpishi amesimama mlangoni na kanzu nyeupe. Jina lake lilikuwa pale chini. Lakini mimi sikuhitaji jina. Kope ya jicho lake la kushoto ilikuwa imeshuka nusu, kama ya baba, kama yangu. Marehemu mke wangu alikuwa akisema ukoo wetu mzima unalenga shabaha.

Binti akasoma maneno. Alikuwa mpishi mzuri, alisali nyuma ya stoo, watoto walimpenda. Kisha wakaandika kabila lake na mlima aliotoka. Kabila lenyewe sitalitaja hapa, bado naishi na majirani. Siku ile nilifurahi. Tuliichapisha kwa rangi, nikaiweka chini ya cherehani, tungoje uchaguzi upite ndipo twende kwa kamati.

Uchaguzi ulipita, na mnajua ulivyopita, watu wakawindana kwa kabila. Januari yote tulikuwa ndani, mlango umeegemezwa kabati. Mchana mmoja vijana walibisha, wengine nimewashonea yunifomu za shule, wakauliza humu ndani ni watu gani. Binti akajibu dirishani kwamba ni Waislamu wa Bondeni, watu wa hapa. Wakasimama kidogo, wakaenda. Mimi nilikuwa nimekalia kiti cha cherehani, karatasi ile iko karibu na mguu wangu, na mguu ulikuwa unakanyaga pedali wenyewe bila kitambaa. Kwa vijana wale ile karatasi ilikuwa na jibu lingine.

Mambo yalipotulia kamati ikarudi, tukaitwa. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Mzee mmoja aliyevaa kanzu niliyoshona mimi akauliza tena babu alitoka wapi. Nikaingiza mkono mfukoni. Binti akaushika ukiwa humo humo.

"Babu amezikwa hapa Nakuru," akasema. "Hatuna kwingine."

Yule mzee akacheka kwa pua. "Sasa ndugu yangu, tulete kaburi hapa mezani?"

Wakasema turudi na ushahidi. Njiani nilimuuliza kwa nini, na kitambulisho kilikuwa karibu mkononi. Akaniambia, "Baba, wakishaandika hilo kabila halifutiki. Wakija tena mlangoni nitawaambia nini?"

Nyumbani nikachukua mkasi, mkasi wa kitambaa, wa karibu ulikuwa huo. Nikakata uso wa babu nikaubakisha, maneno nikayatia kwenye moto wa jiko, chai ikachemka.

Kisha nikaenda saiba kumwomba yule dada akifute kile kitu kwenye kompyuta yake. Aliacha kutafuna. Akaniambia, "Karatasi ilikuwa yako, mzee. Hii si yangu wala yako. Mtu yeyote akiandika jina la hiyo shamba, popote alipo, babu yako anatoka." Akaandika nione, na kweli akatoka, na kanzu yake nyeupe, na mlima wake chini yake.

Binti bado anaitwa na kamati na bado anarudi mikono mitupu. Mkasi nimeunoa na kuunoa, bado unatafuna kitambaa badala ya kukikata. Na siku hizi mteja akiniangalia jicho la kushoto kwa muda, ninapima kiuno chake huku najiuliza kama amepitia saiba.