Magamba Yasiyo na Buluu

Wenzake wa maabara walimbandika jina la Mama Chekeche, naye akalipokea kwa kucheka, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: kuosha tope la visimani kwenye chekeche hadi yabaki magamba ya viumbe vidogo kuliko punje ya chumvi. Magamba hayo yalikwenda kwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, aliyeshinda kwenye darubini. Kila zama ina magamba yake, na yeye akiyatazama tu alijua tabaka lile ni kongwe au ni la juzijuzi, na wachimbaji wa visima wakajua waendelee au waache, maana chini ya mwamba mkongwe hakuna maji.

Sasa, chekeche halitakati kabisa hata ulisugue vipi. Kwa hiyo baada ya kila sampuli Mama Chekeche alilichovya kwenye rangi. Gamba lililobaki liligeuka buluu, na shemeji akilikuta kwenye sampuli inayofuata alijua ni mgeni, akaliruka.

Ila rangi ile huganda vidoleni pia. Siku wakwe watarajiwa wa binti yake walipokuja kujitambulisha, mama wa watu hakutaka kuwapa mkono wenye madoa. Akaosha, akakung'uta, kuchovya akaacha. Mara moja tu, alijiambia.

Magamba machanga ya sampuli iliyotangulia yakajichanganya na ya mwamba mkongwe. Shemeji akasema tabaka bado ni changa, maji yako chini zaidi, na wachimbaji wakachimba hadi wakachoka, wakaambulia vumbi. Mkuu wa maabara akamsema shemeji mbele ya watu wote, akamwondoa kwenye darubini, akampeleka stoo kupanga masanduku ya mawe. Mama Chekeche aliinamia sinki, maji yakimwagika bure.

Tangu hapo hata simu ya mdogo wake aliona aibu kuipokea. Mwishowe akajikaza, akamfuata shemeji stoo.

"Shemeji, siku ile sikuchovya. Mimi ndiye niliyekuponza."

Shemeji akatua sanduku. Akamweleza kwamba sampuli zote hazikosi gamba la buluu, japo moja. Kisima kilipokosa maji aliirudia sampuli ile, akakuta halimo hata moja.

"Nilijua, shemeji. Nilikuwa nasubiri uje mwenyewe."

"Mbona hukunitaja?"

"Mke wangu umemlea wewe. Ningeanzaje kumwambia?"

Mama Chekeche akalia palepale, kisha akashika njia ya ofisini kwa mkuu. Tangu kosa lile alikuwa akichovya bila kujali madoa, na mkono aliouinua kugonga mlango ulikuwa wa buluu hadi kwenye kiwiko.